Kulinda Masikio ya Kituo: Mwongozo kwa Msimamizi wa Uratibu wa Moto wa Nyika

Moto wa nyika, yaani moto unaosambaa bila kudhibitiwa kwenye misitu, vichaka na mbuga, huzimwa na watu walio ndani ya moshi, lakini karibu kila kinachowafikia watu hao, kuanzia gari la maji hadi habari za kugeuka kwa upepo, hupitia kwanza kwa watu wengine walioketi chumbani, mbali na moto huo. Chumba hicho ndicho kinachoitwa hapa kituo cha uratibu: mahali panapopokelewa taarifa za moto, panapotumwa vikosi vya kwanza, panaposikilizwa redio za mawasiliano muda wote ambao kuna mtu kazini porini, na panapotafutwa watu, magari, ndege na vifaa vinavyoombwa na waliotangulia. Anayeketi kwenye redio huitwa mratibu, na anayewaongoza waratibu huitwa msimamizi wa kituo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msimamizi huyo, au kwa mratibu mzoefu anayekaribia kupewa nafasi hiyo, na mifano yake inatoka Marekani, ambako kazi hii ina taratibu zilizoandikwa, vyeo vinavyotambulika na kumbukumbu ndefu ya makosa yaliyochunguzwa hadharani.

Jambo moja linatawala yote yatakayofuata. Mratibu haoni moto, anausikia. Hajui mteremko una ukali gani wala moshi una rangi gani mpaka aambiwe, na akiambiwa nusu, basi nusu hiyo ndiyo moto wote kwake. Kwa sababu hiyo msimamizi anayedhani kwamba kazi yake ni kutoa amri hukosea mapema, kwa kuwa kazi yake halisi ni kulinda masikio ya watu wake, yaani kuwaondolea kelele, uchovu, simu zisizo na maana na wakubwa wenye haraka, na kisha kuhakikisha kwamba kilichosikika kinamfikia anayekihitaji kikiwa kizima.

Nani anaamua nini

Mfumo wa Marekani una ngazi tatu. Chini kuna vituo vya maeneo, ambavyo hupokea taarifa na kutuma vikosi vya kwanza. Juu yake kuna vituo 10 vya kanda, kuanzia Alaska hadi majimbo ya kusini. Na juu ya vyote kuna kituo cha taifa kilichopo Boise, katika jimbo la Idaho, ndani ya makao yaliyoanzishwa mwaka 1965 ili mashirika ya serikali yaliyokuwa yakipambana na moto wa aina moja, kila moja kwa watu wake na vifaa vyake, yaache kurudia kazi ileile. Ombi ambalo kituo cha eneo hakiwezi kulitimiza kwa vikosi vyake na vya majirani zake hupanda hadi kanda, na kanda ikishindwa hulipeleka Boise. Mpangilio huu unafaa kwa sababu msimu wa moto hauji nchi nzima kwa siku moja: Arizona na New Mexico huwaka zaidi mwezi Mei na Juni, kabla ya mvua za Julai, Alaska hushika kilele Juni na Julai, Montana na Idaho huwaka kuanzia Julai hadi Septemba, na kusini mwa California huwa na wasiwasi mkubwa kuanzia Oktoba, pepo kavu zitokazo jangwani zinapoanza kuvuma kuelekea baharini. Kikosi kilichomaliza msimu wake Arizona ndicho kinachosafirishwa kwenda Montana, na anayejua tarehe ambayo kitakuwa huru ni msimamizi aliyezoea kuzungumza na wenzake wa kanda nyingine kabla hajawa na shida.

Msimamizi mpya atagundua haraka kwamba ana wakubwa wengi. Kituo kimoja mara nyingi huhudumia Shirika la Misitu, ambalo limekuwa chini ya Wizara ya Kilimo tangu mwaka 1905, pamoja na idara nne za Wizara ya Mambo ya Ndani (ambayo Marekani husimamia ardhi, wala haina uhusiano na polisi kama msomaji wa Tanzania au Kenya anavyoweza kudhani), na zaidi ya hao kuna idara ya misitu ya jimbo na vikosi vya zimamoto vya wilaya. Mkataba baina yao hueleza nani analipa nini na nani anakaa kwenye bodi ya kituo. Mkataba huo usomwe wakati wa baridi, kalamu mkononi, maana mwezi Agosti hakuna mwenye muda wa kuutafsiri. Kanuni inayorahisisha mambo ni ile ya kikosi kilicho karibu: moto unapoanza, hutumwa kikosi kitakachofika kwanza, bila kujali nembo iliyochorwa mlangoni mwa gari, na hesabu za fedha hufuata baadaye. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuukumbuka moto wa Mlima Kilimanjaro ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020, ambao ulipandisha mlimani askari wa hifadhi pamoja na wananchi wa kujitolea. Panapokutana makundi mengi namna hiyo, swali la nani anampelekea nani maji, chakula na watu wa kupokezana huwa gumu karibu sawa na moto wenyewe.

Mipaka ya madaraka inahitaji kueleweka vizuri, kwa sababu migogoro mingi ya vituo huzaliwa hapo. Kamanda wa tukio, yaani mtu aliyepewa dhamana ya moto fulani akiwa uwanjani, ndiye anayeamua moto huo utazimwa vipi. Afisa wa zamu, ambaye huiwakilisha taasisi yenye ardhi, ndiye anayeamua siku hiyo taasisi itumie nguvu kiasi gani na ndiye anayeidhinisha gharama. Kituo hutafuta, hutuma, huandika na kuarifu. Msimamizi anayeanza kumwelekeza kamanda jinsi ya kuzima moto asiouona amevuka mpaka, lakini anayeukalia kimya utabiri wa upepo mkali kwa hofu ya kuvuka mpaka amefanya kosa kubwa zaidi.

Kabla ya simu ya kwanza

Siku nzuri ya kituo huandaliwa miezi kadhaa kabla. Kwa kila sehemu ya ramani huandaliwa jedwali la mwitikio, yaani orodha iliyokubaliwa mapema ya vikosi vitakavyotumwa moto ukiripotiwa hapo, kulingana na ukali wa siku. Ukali huo hausemwi kwa kukisia: vituo vidogo vya hali ya hewa vilivyosimikwa porini hupeleka vipimo vya joto, unyevu, mvua na upepo, na kutokana na vipimo hivyo hukokotolewa hatari ya moto, ikiwemo nguvu ambayo kuni za msitu zinaweza kuitoa zikiwaka. Faida kubwa ya jedwali ni kwamba humwondolea mratibu uamuzi katika dakika ambayo hana nafasi ya kuamua. Akipokea taarifa ya moshi saa 9 alasiri katika siku ya hatari kubwa, hahitaji ruhusa ya mtu kutuma magari mawili, kikosi na helikopta; hutuma, kisha humwarifu afisa wa zamu, ambaye akitaka atapunguza. Kurudisha gari njiani ni hasara ndogo, ilhali saa moja iliyopotea mwanzoni mwa moto hairudishwi na ndege yoyote.

Jedwali lisilofanyiwa majaribio ni karatasi tu. Msimamizi anashauriwa kuchagua, wakati wa masika ya huko, moto wa kubuni katika sehemu tatu au nne ngumu, hasa kwenye mipaka ya mashirika mawili, na kuwataka waratibu waucheze mbele ya maafisa wa zamu wa pande zote, kwa kuwa hapo ndipo hujitokeza namba ya simu iliyokufa, masafa ya redio yaliyobadilishwa bila taarifa, na barabara ambayo kwenye ramani ipo lakini daraja lake lilichukuliwa na maji.

Sifa za watu nazo hukaguliwa mapema. Anayefanya kazi ya moto Marekani hubeba kadi inayotaja nafasi alizohitimu, na kadi hiyo huitwa kadi nyekundu. Mpenzi wa kandanda atatabasamu, kwa maana uwanjani kadi hiyo humtoa mchezaji, na hapa ndiyo inayomwingiza. Kuhitimu hutegemea kozi pamoja na kitabu cha mafunzo kazini, ambamo mtu aliyekwisha kuhitimu huweka saini kwa kila kazi aliyoshuhudia ikifanywa sawasawa. Saini hizo ziheshimiwe. Msimamizi anayemwekea mratibu saini ili kuziba pengo la zamu atamkuta mtu yuleyule peke yake kwenye redio usiku ambao radi zimeanzisha mioto 12.

Simu, ramani na sauti

Uzimaji wa awali, yaani saa za mwanzo ambapo vikosi vya karibu hujaribu kuumaliza moto ukiwa bado mdogo, ndio moyo wa kazi ya kituo, na ndipo msimamizi hujaribiwa zaidi kufanya kosa la kushika redio. Wengi wamepanda cheo kwa sababu walikuwa waratibu hodari, na masikio yao bado yanawasha wanaposikia sauti ikiita bila kujibiwa upesi. Lakini msimamizi aliyeshika redio amekuwa mratibu mmoja zaidi na amekiacha chumba bila msimamizi. Mahali pake ni hatua mbili nyuma ya viti, anakoweza kuona ni nani amezidiwa, ni mazungumzo gani mawili yanagongana kwenye masafa mamoja, na ni tukio gani dogo limesahauliwa kwa sababu kubwa linapiga kelele. Akiona mratibu ana mioto mitatu na anaandika pembezoni mwa karatasi, hamnyang'anyi kazi mbele ya wenzake; humwongezea mtu pembeni wa kumwandikia, au huigawa kazi kwa masafa mengine na kutangaza mgawanyo huo kwa wote walioko porini.

Taarifa ya kwanza kutoka kwa mtu aliyefika kwenye moto hufuata mpangilio uliozoeleka: mahali, ukubwa, kinachoungua, mteremko, upepo, tabia ya moto, na kilicho hatarini. Mratibu afundishwe kuudai mpangilio huo kwa upole hata mtoa taarifa anapohema, kwa kuwa kila kipengele kina matumizi yake kwa mtu ambaye bado yuko njiani. Mahali ndipo pa kuhofiwa kuliko vyote. Nyuzi za ramani zinaweza kuandikwa kwa namna tatu, yaani kwa nyuzi, dakika na sekunde, au kwa nyuzi na dakika zenye desimali, namna ambayo marubani wameizoea, au kwa nyuzi zenye desimali pekee, na namna hizo zikichanganywa hazitoi dalili yoyote ya kosa. Nyuzi 39 na dakika 30 ni sawa na 39.5, lakini mtu akisikia "thelathini na tisa, thelathini" na kuandika 39.30, atakuwa ameusogeza moto kwa takriban kilomita 22, na helikopta itazunguka juu ya bonde lisilo na moshi huku watu wakiitazama anga tupu. Kituo kichague namna moja ya kuandika, kitaje namna hiyo kila mara kinapotamka namba, na kimtake anayepokea azirudie.

Kurudia ndiko kunakotofautisha kusema na kuarifu. Tarehe 6 Julai 1994, kwenye moto wa South Canyon karibu na mji wa Glenwood Springs, Colorado, moto ulioanzishwa na radi siku nne kabla ulilipuka upepo wa mkondo wa baridi ulipofika, na wazima moto 14 wakafa mlimani. Tahadhari ya bendera nyekundu, yaani onyo rasmi kwamba joto, ukavu na upepo vimekutana kwa kiwango cha hatari, ilikuwa imekwisha kutolewa. Uchunguzi ulionyesha kwamba utabiri huo haukuwafikia waliokuwa kwenye mteremko. Habari ilikuwepo, watu walikuwepo, redio zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu aliyehesabu kwamba wajibu wake haujaisha mpaka kila kiongozi wa kikosi atamke kwamba amesikia.

Kutokana na funzo hilo, onyo la hali ya hewa halitoshi kutangazwa hewani kwa wote kisha kuachwa. Mratibu hulisoma lote, huviita vikosi kimoja kimoja kwa majina, huandika saa ambayo kila kimoja kilijibu, na kwa kile ambacho hakikujibu hutafuta njia nyingine: masafa mengine, mnara mwingine wa kurushia mawimbi, kikosi jirani kinachoweza kumwona mhusika kwa macho, au ndege iliyo juu. Msimamizi naye, onyo linapotoka, hukagua orodha ya majibu hayo kwa jicho lake. Ni ukaguzi wa dakika mbili, na ikiwa kuna sehemu ya mwongozo huu inayostahili kubandikwa ukutani, ni hii.

Ndege iliyonyamaza

Ndege huleta haraka na huleta hatari kwa kipimo kilekile. Inapoondoka, mratibu huandika saa ya kuruka, inakokwenda, watu waliomo na muda ambao mafuta yatadumu, kisha hufuatilia kwa redio kila baada ya dakika 15, au kwa kifaa cha setilaiti kinachoonyesha mahali ilipo kwenye kioo cha kompyuta. Kifaa hicho kimeleta utulivu pamoja na ulegevu, kwa kuwa alama kwenye kioo huweza kubaki imesimama muda mrefu kabla ya mtu kujiuliza kwa nini haisogei. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika kituo cha uratibu methali hiyo ichukuliwe kama kanuni ya kazi. Rubani akikosa kuripoti, mratibu hamsubirii kwa adabu. Huita, huuliza kituo jirani, huuliza kiwanja cha ndege, na hatua hizo zote huwa zimeandikwa mapema kwenye mwongozo wa ajali za anga unaokaa wazi mezani, ukiwa na namba za simu zilizojaribiwa msimu huu na si msimu uliopita. Kazi ya msimamizi katika dakika hizo ni kumpa mratibu mmoja tukio hilo peke yake na kumwondolea mengine yote. Na ikiwa kuna ndege nyuki ya mtu binafsi iliyoonekana juu ya moto, ndege zote za zimamoto huweza kulazimika kuondoka, kwa hiyo taarifa hiyo nayo isingoje.

Kusema "hakuna" mapema

Moto ukishinda vikosi vya kwanza, kazi hubadilika. Maombi huanza kumiminika, na kituo hufungua dawati la nyongeza, yaani chumba au meza ya pembeni yenye watu wa kushughulikia maombi tu, ili waratibu wa redio waendelee kusikiliza mioto mipya. Kosa la kawaida ni kulifungua dawati hilo baada ya kuzidiwa, wakati hakuna hata mtu wa kumwonyesha mgeni mahali pa kuketi. Msimamizi mwenye busara huliomba mara tu anapoanza kujiuliza kama analihitaji.

Maombi huainishwa katika makundi matano: mtu mmoja mmoja mwenye ujuzi maalumu, kikosi cha watu wapatao 20, magari na mitambo, ndege, na vifaa. Kila ombi hupewa namba na kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao IROC, ulioanza kutumika mwaka 2020 kuchukua nafasi ya ule wa ROSS, na kupitia mfumo huo hupanda ngazi kutoka eneo hadi kanda hadi taifa. Mambo ya misimbo ya malipo na fomu hayahitaji maneno mengi hapa, kwa kuwa yanafundishika; ombi lisiloeleza bayana lini, wapi na kwa nini ndilo linalorudishwa, na kurudishwa kwake hupoteza usiku mzima.

Kinachohitaji maneno ni uhaba. Utayari wa nchi hupimwa kwa ngazi kuanzia 1 hadi 5, na ngazi ya 5 humaanisha kwamba karibu kila kikosi kimekwisha kupangiwa kazi. Mwaka 2021 nchi ilifika ngazi hiyo tarehe 14 Julai, mapema kabisa katika msimu. Katika siku za namna hiyo, mioto mitano huomba helikopta moja, na si msimamizi anayeamua itakwenda wapi. Kamati ya vipaumbele, inayoundwa na wawakilishi wa mashirika yote yenye ardhi, huamua kwa kuanza na maisha ya watu, kisha mali na maliasili. Msimamizi huipa kamati hiyo picha sahihi, na jaribu lake kubwa ni kuutia chumvi moto wa eneo lake. Asifanye hivyo hata mara moja, kwa sababu wenzake watajua ndani ya siku mbili, na neno lake halitaaminika tena msimu huo.

Baada ya uamuzi, kazi ngumu ni kuwaambia waliokosa. Kamanda aliyeambiwa saa 12 jioni kwamba vikosi vitatu alivyoomba havitakuja atakaa na ramani yake na kupanga kesho bila vikosi hivyo, pengine kwa kurudi nyuma hadi barabara inayofuata na kuchimba mstari wake hapo. Kamanda ambaye ombi lake limeachwa likining'inia, huku kila akipiga simu akiambiwa kwamba linashughulikiwa, hupanga kesho akiwategemea watu ambao hawapo, na kuwatuma wachache alionao mahali palipopangwa kwa ajili ya wengi. Kwa hiyo jibu la "halikupatikana" ni huduma kamili, mradi litolewe mapema, na msimamizi anapaswa kuwakinga waratibu wake dhidi ya ile tabia ya kibinadamu ya kuchelewesha habari mbaya kwa matumaini kwamba zitabadilika.

Mtu anapoumia

Tarehe 25 Julai 2008, katika misitu ya kaskazini mwa California, mzima moto kijana aliangukiwa na mti eneo liitwalo Dutch Creek na kufariki kabla ya kufikishwa hospitali, baada ya uokoaji uliokumbwa na ucheleweshaji na mkanganyiko wa mawasiliano. Tukio hilo liliwaachia wazima moto wa Marekani maswali matatu ambayo kila kiongozi wa kikosi hutakiwa kuyajibu kabla ya kazi kuanza: tutafanya nini mtu akiumia, tutamtoaje hapa, na itachukua muda gani kumfikisha hospitali. Kwa kituo maswali hayo yana nusu ya pili. Msimamizi anapaswa kujua, kwa kila moto unaowaka, ni helikopta ipi inaweza kumnyanyua mgonjwa kwa kamba pale ambapo haiwezi kutua, hospitali ipi inapokea waliojeruhiwa vibaya au walioungua, na barabara ipi gari la wagonjwa litapita, na ajue asubuhi, kwa kuwa jioni moshi hujaza mabonde na marubani hukataa kuruka kwa haki yao.

Taarifa ya majeruhi ikiingia, masafa husafishwa kwa ajili yake, mratibu mmoja hukabidhiwa tukio lote, mwandishi huketi kando yake, na jina la majeruhi halitamkwi hewani, maana wapo watu wengi majumbani wenye redio za kusikiliza, na mke au mzazi hapaswi kuisikia habari hiyo kwa njia hiyo. Msimamizi hujitwalia simu za nje: wakuu, waandishi wa habari, jamaa. Hapa ndipo kulinda masikio kunapokuwa na maana yake halisi, kwani mratibu anayepokea maelezo ya mapigo ya moyo na upumuaji hawezi wakati huohuo kumjibu afisa wa makao makuu anayeuliza kama habari ni za kweli.

Baada ya tukio, mratibu huyo huondolewa kwenye redio, iwe ameomba au hajaomba, na mtu huketi naye. Hakuna sababu ya kumtaka azungumze. Sauti aliyoisikia itabaki naye kwa muda mrefu, kwa namna ambayo walioko uwanjani hawaijui, kwa kuwa wao angalau walikuwa na kitu cha kufanya kwa mikono yao. Wataalamu wa msaada wa kisaikolojia waitwe mapema, na wito wao usingoje ruhusa ya mtu aliyelala.

Watu wa chumbani

Kanuni ya mapumziko ya kazi ya moto husema kwamba kila saa 2 za kazi au safari zifuatwe na saa 1 ya mapumziko, na kwamba anayetumwa mbali na kituo chake kwa kawaida hutumikia siku 14, bila kuhesabu safari, kabla ya kurudishwa apumzike. Vituo huvikumbusha vikosi kanuni hiyo kila siku, kisha baadhi ya waratibu walewale hufanya kazi siku 20 mfululizo kwa sababu kiti ni laini na chumba kina kiyoyozi. Uchovu wa sikio hauonekani kama uchovu wa mguu. Dalili zake ni ndogo: mratibu anaomba kurudiwa mara nyingi kuliko kawaida, anaandika namba na kuifuta, anajibu kwa ukali swali la kawaida. Msimamizi apange mapumziko kwa ratiba badala ya kuyatoa kwa huruma, na aanze na yake mwenyewe, kwa kuwa hakuna mratibu atakayeondoka kwenye kiti mbele ya mkubwa asiyeondoka.

Kila tukio kubwa lifuatwe na mapitio mafupi yenye maswali manne: kilipangwa nini, kilitokea nini, kwa nini pakawa na tofauti, na safari ijayo kifanyike nini. Mapitio hayo hufaa tu pale ambapo msimamizi hutaja kosa lake kwanza. Ya bajeti, ajira na bodi yatachukua sehemu kubwa ya miezi ya baridi, na yana miongozo yake.

Msomaji aliyepewa nafasi hii, kabla hajabadilisha ratiba wala kupanga upya meza, anaombwa afanye jambo moja: achukue kiti, akiweke nyuma ya mratibu mwenye zamu ndefu zaidi ya wiki, avae kisikilizio cha pili, na asikilize mpaka zamu hiyo iishe bila kusema neno.